Usingizi wa Jela

Mume wangu alifungwa kwa sababu ya asali yake mwenyewe. Hivyo ndivyo ninavyosema mpaka leo, ingawa hakimu wa baraza alisema kwa namna nyingine. Alisema kwamba mtu huyu ameingia katika pori lililofungwa na Serikali, tena baada ya kuonywa, na kwamba mtu wa namna hiyo anawaletea wenzake kifo nyumbani.

Tulikuwa tumehamishwa. Kijiji chetu kilikuwa ndani ya miombo, mbali kidogo na Usinge, magharibi ya Tabora, na malale, ule ugonjwa wa usingizi, ilipoanza kuchukua watu, Mwingereza aliamuru sote tutoke tukae pamoja kwenye makazi mapya karibu na reli. Miti ilikatwa pande zote ili ndorobo, yule inzi anayeleta malale, akose kivuli. Tulibeba vinu, vitanda, kuku na wagonjwa wetu. Mizinga ya nyuki ilibaki juu ya miti. Mume wangu alikuwa mrina asali, kama baba yake na babu yake, na msimu ulipofika hakuweza kutulia. Alikwenda akakaa porini siku kadhaa. Alipokuwa anarudi na mzigo begani, matarishi wawili wa Serikali wakamkamata njiani. Akapewa miezi sita, katika jela ya Tabora.

Nilikuwa na mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Sikuwa nimefika Tabora hata siku moja. Nilichokijua juu ya mji ule nilikisikia kwa bibi yangu, ambaye alizaliwa wakati njia ya Ujiji ingali njia ya miguu. Utotoni mwake aliwaona watu wakipitishwa na minyororo shingoni, wakipelekwa Tabora, na kutoka hapo pwani. Alituambia sisi wajukuu zake kwamba aliyekwenda Tabora na mnyororo harudi. Hakuwa anatutisha. Alikuwa anasimulia alichokiona. Reli ilipojengwa ilifuata upande uleule, na mimi nilipopanda gari la moshi mara ya kwanza kwenda kumwona mume wangu, mtoto nikiwa nimemwachia mama mkwe wangu, nilikaa karibu na mlango safari nzima, nimekumbatia furushi langu, nikiwa na hakika kwamba ninakwenda kuoneshwa kaburi.

Ili kutoka kwenye makazi yetu ilibidi upite kwa dresa wa malale, mganga msaidizi wa Serikali. Alikuwa kijana mwenye mikono baridi. Alikupapasa shingo, nyuma na pembeni, akitafuta mitoki, yale matezi yanayovimba, na asipoiona alikuandikia cheti cha safari. Bila cheti kile ulikuwa mkosaji kama mume wangu. Mara ya kwanza nilikipata bila shida.

Tabora nilipokelewa na shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa ameolewa na fundi wa reli na kukaa mtaa wa Cheyo. Asubuhi alinisindikiza mpaka palipoonekana ukuta wa jela, akasimama.

"Mimi naishia hapa," alisema. "Ukifika getini usimtazame mtu usoni. Ukiulizwa, jibu. Usipoulizwa, nyamaza."

Wanawake wengine walikuwepo, wamekaa chini wakisubiri, kila mmoja na kikapu. Hakuna aliyezungumza na mwenzake. Askari jela wa getini alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye mvi kwenye masharubu. Baadaye nilijua ametoka kusini, upande wa Songea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinyoosha mkono kwenye kikapu changu. Nilikuwa nimeleta matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga. Alivunja kila kipande akatazama ndani. Alipomaliza, matobolwa yale yalikuwa kama chakula cha kuku.

Tuliingizwa kwenye chumba chenye meza ndefu. Wafungwa waliketi upande mmoja na sisi upande mwingine, na askari yuleyule akasimama mwisho wa meza na kirungu chake. Mume wangu alipoletwa sikumtambua mara moja. Walikuwa wamemnyoa kipara, na kaptula ile nyeupe ya jela ilimfanya aonekane kama mvulana wa shule. Lakini macho yalikuwa yake.

"Mwangaluka," nilimwamkia, kama tunavyoamkiana asubuhi kwetu Unyamwezini.

Askari akagonga meza kwa kirungu. "Kiswahili," alisema. "Hapa ni Kiswahili tu. Nisikie kila neno."

Sijui kama mtu asiyepitia jambo hili ataelewa. Mimi na mume wangu hatukuwa tumewahi kusemeshana Kiswahili. Kiswahili kilikuwa lugha ya baraza, ya stesheni, ya mahubiri ya Jumapili. Tulichumbiana kwa Kinyamwezi, tuligombana kwa Kinyamwezi, na yote niliyopanga kumwambia nilikuwa nimeyapanga kwa lugha hiyo. Tulitazamana kama wasafiri waliokutana kwenye benchi.

"Habari za nyumbani?" aliuliza.

"Nzuri."

"Mtoto?"

"Mzima. Anajaribu kusimama. Anashika kinu."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Nilimwuliza kama anakula, akasema anakula. Nilimwuliza kama wanampiga, akamtazama askari kabla ya kusema hapana. Alisema wanafyeka majani barabarani na kuvunja mawe, na kwamba siku zinakwenda. Kengele ikagongwa. Nilipotoka nje nilikuwa na furaha ya namna yake, kwa kuwa nimemwona akiwa hai na bibi yangu alikosea.

Wageni waliruhusiwa mara moja kwa mwezi. Mwezi uliofuata dresa wetu alikuwa amekwenda kukagua makazi mengine, na hakuna aliyejua atarudi lini. Gari la moshi lilikuwa linapita siku hiyo. Mama mkwe wangu aliniambia ningoje. Sikungoja. Nilimwachia mtoto, nikapanda bila cheti, na njia nzima kila alipopita mtu mwenye kofia ya kazi niliinamisha kichwa nikajifanya nimelala.

Safari hii mume wangu aliingia akijishikiza ukutani. Uso ulikuwa umemvimba kidogo chini ya macho. Aliketi, akatabasamu, akaniuliza habari za nyumbani. Nilianza kumweleza kwamba mtoto sasa anatembea, kwamba ameanguka akaumia mdomo lakini umepona. Nilikuwa naangalia meza wakati nasema. Nilipoinua macho, alikuwa amelala.

Hakuwa amesinzia kama mtu aliyechoka, ambaye kichwa humwanguka akashtuka. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya meza, mdomo wazi kidogo, amekwenda zake.

Nilimjua mtu aliyelala hivyo. Dada yangu mkubwa, kabla hatujahamishwa, alikuwa analala na tonge mkononi. Mwanzoni tulimcheka. Mama alimwita mvivu, na mume wake akamrudisha kwetu akisema hamtaki mwanamke asiyeweza kutwanga. Siku moja nilimkuta amesimama kwenye kinu, mchi ameuinua, amelala. Hakumaliza mavuno.

Nilimtazama mume wangu shingoni. Pembeni, chini ya sikio, palikuwa na uvimbe mdogo kama mbegu ya ukwaju chini ya ngozi. Au nilidhani niliuona. Mwanga ulitoka nyuma yake.

"Baba," nilimwita. Kisha kwa sauti zaidi, "Baba, unalala mchana?"

Askari akacheka. "Mama, hapa kila mtu hulala. Kazi ya kutwa nzima hiyo."

Mume wangu alifumbua macho. Aliyasikia maneno yangu, na aliyaelewa, kwa kuwa yeye pia alimsaidia baba yangu kuchimba kaburi la dada yangu. Uso wake ukabadilika. Aliinama mbele, akasema kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu, neno moja tu: "Leka." Yaani acha, usiendelee.

Kirungu kikagonga meza. "Nilisema nini? Haya, inuka. Mazungumzo yamekwisha."

Wakamtoa. Hakugeuka nyuma.

Nyumbani kwa shangazi nilieleza yote. Alikuwa anachambua mchele, naye hakuacha kuchambua.

"Alishawahi kusema lolote juu ya ugonjwa huu?" aliuliza.

Alikuwa amesema. Wakati wa kuhama, tulipowaona wagonjwa wakipandishwa kwenye lori kwenda kudungwa sindano, mume wangu aliniambia kwamba yeye akiipata, aachwe afie chini ya mti. Wengi waliopelekwa hawakurudi. Baadhi ya waliorudi walirudi vipofu kwa sindano zile, wakiongozwa kwa fimbo na watoto wao. Kwa mtu anayepanda mti kwa kamba mpaka kwenye mzinga, upofu ulikuwa mauti mengine.

"Basi mwenyewe ameshasema," shangazi alisema. "Na wewe umekuja bila cheti. Ukienda kuwaambia, watakuuliza umetoka wapi, na watakufunga na wewe. Mtoto atanyonyeshwa na nani? Huenda ni uchovu tu, mwanangu. Jela inachosha."

Nilitaka sana iwe uchovu. Nililala na wazo hilo, na asubuhi nilipoamka lilikuwa bado lipo, nikalishika kama mtu anavyoshika shuka wakati wa baridi. Nikachukua debe kwenda kuchota maji.

Wafungwa walikuwa wanafyeka majani kando ya barabara. Niliwasikia kabla sijawaona, mafyekeo yakipiga kwa pamoja, vup, vup. Nilisimama nyuma ya ua wa mabua ya mtama wa watu nisiowajua na kuwatafuta mmoja mmoja kwa macho. Alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Fyekeo lilikuwa mkononi, limegusa chini, naye amesimama, kidevu kifuani. Wenzake walisonga mbele. Nafasi kati yake nao ikaongezeka.

Askari kijana, si yule wa getini, alimwendea kwa nyuma. "Mvivu huyu tena!" alisema, akamchapa mgongoni kwa fimbo.

Kilichonitisha hakikuwa fimbo. Mtu aliyelala akichapwa huruka. Mume wangu hakuruka. Alichapwa mara ya pili, na baada ya muda akainua kichwa polepole, kama mtu anayeitwa kutoka mbali sana, akatazama huku na huku asijue yuko wapi. Kisha akaanza kufyeka, akifyeka mahali palipokwisha kufyekwa.

Niliweka debe chini palepale, na sijui nani alilichukua. Nilikwenda jela.

Njiani nilisimama mara nyingi. Nilijiambia kwamba nikikuta geti limefungwa nitarudi. Geti lilikuwa wazi, na yule askari mwenye mvi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakunywa uji.

"Leo si siku ya wageni," alisema.

"Najua, afande. Mume wangu si mvivu. Nadhani ana malale."

Aliacha kunywa. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Dada yangu alikufa nayo. Alilala hivyohivyo."

"Mke wa mfungwa hana kazi ya udaktari. Umetoka wapi wewe?"

Nilimwambia. Jina la makazi yetu lilitosha. Kila mtu wa Serikali alijua ni makazi ya malale. Aliweka kikombe chini, akarudi nyuma kidogo, kana kwamba mimi mwenyewe ni ndorobo.

"Cheti chako kiko wapi?"

"Sina."

Alinitazama. Mpaka leo sijui aliona nini. "Kaa pale," alisema, akionesha jiwe kando ya ukuta, akaingia ndani.

Nilikaa. Barabara ilikuwa wazi mbele yangu, watu wakipita na baiskeli, mwanamke akiuza ndizi. Ningeweza kuinuka nikaenda zangu, na kabla ya jioni ningekuwa ndani ya gari la moshi. Nilimfikiria mtoto wangu, maziwa yakanijaa na kulowesha nguo kifuani. Niliogopa jela, niliogopa sindano, nilimwogopa mume wangu. Huyo ndiye niliyemwogopa kuliko wote, kwa sababu alikuwa ameniomba neno moja tu na mimi nimelikataa. Sikubaki pale kwa ushujaa. Nilibaki kwa kuwa nilikuwa nimeshasema.

Askari alirudi na karani, na nyuma yao bwana jela mwenyewe, Mzungu mwenye uso mwekundu. Karani aliniuliza maswali yaleyale, akiyageuza kwa Kiingereza. Mzungu hakusema neno kwangu. Alisema na askari, akaondoka kwa hatua za haraka. Mimi nilipelekwa hospitali na askari mwingine, nikafungiwa kwenye chumba chenye dirisha dogo, nikapapaswa shingo, nikachomwa kidole, damu yangu ikapakwa kwenye kioo. Nilisubiri humo mpaka kesho yake mchana. Hakuna aliyeniambia nasubiri nini. Kila nilipopiga mwayo nilishikwa na baridi, nikajisemea kwamba ndiyo hii, imeanza.

Mchana dresa wa hospitali alifungua mlango. "Wewe huna kitu," alisema. "Mumeo anacho. Vijidudu viko kwenye damu, na kesho atatolewa maji ya mgongo tuone kama vimefika kichwani. Alivifuata mwenyewe porini, akitafuta asali." Kisha, labda kwa kuwa nilikuwa nalia, aliongeza, "Mwezi mwingine mmoja, tusingekuwa na la kufanya."

Niliomba kumwona, nikaruhusiwa kwa kuwa gari langu la moshi lilikuwa jioni na nilitakiwa niondoke nalo. Alikuwa kwenye wodi iliyotengwa. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwa mnyororo kwenye chuma cha kitanda. Askari aliyemlinda alikuwa nje barazani, anazungumza na mpishi. Hakuwepo mtu wa kutukataza lolote.

Nilimsemesha kwa lugha yetu. Nilimwambia mtoto anatembea, kwa kuwa kule jela hakusikia. Aligeukia ukutani.

"Umewaambia," alisema, kwa Kiswahili.

Nilimjibu kwa Kinyamwezi kwamba sikuweza kumwacha alale hivyo.

"Nenda nyumbani, mama," alisema, kwa Kiswahili kilekile cha mezani. "Gari litakuacha."

Miezi iliyofuata sikuruhusiwa kutoka makazini. Habari zilikuja kidogo kidogo kupitia kwa dresa wetu: amedungwa, ametapika, homa imempanda, amedungwa tena. Halafu kimya. Gari la kutoka Tabora lilipopiga honi nilikuwa naacha nilichokishika na kusimama mlangoni, nisijue kama namsubiri yeye au mtu wa kuniletea nguo zake. Mama mkwe wangu, ambaye nilitegemea angenilaumu, hakunilaumu. Alikuwa akiniambia tu, "Rudi ndani, ugali unaungua."

Alirudi kifungo kilipokwisha, bila kuagiza mtu kusema anakuja. Tulikuwa tunapura mtama. Alitokea upande wa stesheni akitembea taratibu, amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu. Jicho la kushoto lilikuwa limefifia. Aliona mwanga kwa jicho hilo, na kivuli cha mtu, basi. La kulia lilibaki zima. Mtoto alimkimbia akajificha nyuma yangu, naye akachuchumaa kwa mbali akamngoja, hakumvuta.

Kwa muda mrefu hakunisemesha zaidi ya lililohitajika. Alikula nilichopika, akashukuru. Kwenye mizinga hakurudi tena, kwa kuwa kwa jicho moja alishindwa kupima umbali wa tawi. Akawa anachonga mizinga na kuwapa vijana waliokuwa na vibali vya pori. Juu ya hospitali na jela hakusema. Jioni moja, mvua ikinyesha, alisema tu kwamba katika wodi ile walilala wanne kwa nyakati mbalimbali, na yeye peke yake ndiye aliyetoka kwa miguu. Alisema akiwa anatazama mvua. Lakini alilisema kwa Kinyamwezi, na usiku ule nililala mpaka asubuhi.

Hofu yangu haikuondoka, ilibadilisha tu mahali pa kukaa. Wakati wa kiangazi, watu wakishamaliza kazi za shamba, wanaume hujinyoosha kivulini baada ya chakula. Mume wangu naye alijinyoosha. Mimi sikuweza kutulia. Kila nilipomwona amefumba macho nilimwendea. Nikawa namwamsha kwa visingizio: mpini wa jembe umelegea, mbuzi wameingia kwenye mihogo, kuna mgeni anapita. Aliinuka kila mara, akakaza mpini, akafukuza mbuzi ambao hawakuwepo, akarudi. Miaka ikapita hivyo, na watoto wengine wawili wakazaliwa.

Mchana mmoja nilimwendea tena, nikasema kuku wameingia ndani. Hakufumbua macho.

"Hakuna kuku," alisema. "Keti."

Niliketi kwenye mkeka karibu naye. Alinishika mkono akauweka shingoni mwake, chini ya sikio, mahali palepale. Palikuwa laini.

"Papasa mpaka utosheke," alisema. "Halafu uniache nilale."

Nilipapasa pande zote mbili, kama dresa. Alikuwa ameshalala kabla sijamaliza, na nikabaki pale namsikiliza akikoroma mpaka kivuli kilipotuhama.